Nusu Yuniti kwa Siku: Kuufuata Danubi kutoka Passau hadi Vienna

Jumapili, Passau

Baiskeli zetu za umeme tulizichukua alasiri hapa Passau, Ujerumani, na kazi ya kwanza ilikuwa kuzizoea. Kila moja ina uzito wa kilo 25 hivi pamoja na betri. Kuipandisha ngazi ni shughuli, na ukiisimamisha vibaya inakulalia. Mota iko katikati, pale pedeli zinapozungukia, na ndani yake kuna kihisio kinachopima jinsi unavyokanyaga. Ukikanyaga kwa nguvu inaongeza, ukilegeza nayo inalegeza, ukiacha inaacha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inazihesabu kuwa baiskeli za kawaida, mradi nguvu ya mota isizidi wati 250 na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Leseni haihitajiki, wala namba ya usajili, na njia za baiskeli unapita kama mwingine yeyote.

Shangazi aliendesha baiskeli kwa mara ya mwisho akiwa msichana. Sasa ni mwalimu mstaafu mwenye goti moja lililofanyiwa upasuaji, na daktari wake ndiye aliyesema baiskeli itamfaa kuliko kutembea. Alizunguka ua wa duka mara mbili akiwa amekaza mabega, kisha akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, kuna mtu ananisukuma mgongoni."

"Ni mota, Shangazi."

"Basi mwambie apunguze."

Nikamwonyesha kitufe kwenye usukani. Kuna viwango vinne vya msaada, na tulikubaliana kuanzia cha chini kabisa. Hapo betri inadumu, na miguu inabaki na kazi yake.

Jioni tulitembea hadi kwenye ncha ya mji, pale mito mitatu inapokutana. Ilz unaingia kutoka kaskazini ukiwa mweusi, kwa sababu ya ardhi ya mboji ya misitu unakotoka. Inn unatoka kusini, rangi yake kijani kilichopauka, umebeba vumbi la mawe ya milima ya Alps. Danubi uko katikati. Kwa wastani wa mwaka Inn unaleta maji mengi kuliko Danubi wenyewe, lakini kuanzia hapo jina linalobaki ni Danubi. Shangazi aliposikia hivyo alicheka: "Ndoa nyingine ndivyo zilivyo."

Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji wamechora alama za mafuriko. Ya Juni 2013 iko juu mno, huwezi kuigusa hata ukinyoosha mkono: mto ulifika mita 12.89, kiwango kisichoonekana tangu 1501. Tukaenda kulala tukiuheshimu.

Jumatatu, Passau hadi Schlögen

Nilipogonga mlango Shangazi alikuwa tayari amevaa kofia ya baiskeli.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Twende kabla jua halijachachamaa."

Tulishika ukingo wa kaskazini, upande wa Ujerumani. Njia ni tambarare, lami nzuri, mto uko mkono wa kulia na msitu unapanda mkono wa kushoto. Vibao vya buluu vinasema EuroVelo 6, njia inayoanzia pwani ya Atlantiki huko Ufaransa na kwenda hadi Bahari Nyeusi. Sisi tunachukua kipande chake kinachopendwa kuliko vyote, Passau hadi Vienna, kilomita 320 hivi, na karibu chote kinateremka na mto.

Kabla ya Obernzell kundi la watu waliovaa nguo za kubana lilitupita kwa kasi, vichwa chini, mmoja akitazama saa ya mkononi. Shangazi aliwasindikiza kwa macho. "Kutangulia si kufika," akasema, akashusha gia.

Jochenstein ndipo nilipoanza kuielewa safari hii. Ni bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1950 na Ujerumani pamoja na Austria, kwa kuwa mpaka wa nchi hizo unapita mtoni hapo hapo. Unaruhusiwa kuvuka juu yake na baiskeli. Tulifika wakati meli ya mizigo inaingia kwenye lango, tukasimama kuiangalia ikishushwa: milango ya chuma inajifunga nyuma yake, maji yanapungua, meli inazama taratibu kati ya kuta mbili hadi ukabaki unaona paa la chumba cha nahodha tu. Jambo hilo linachukua muda mrefu. Hatukuondoka hadi milango ya mbele ilipofunguka.

Na hapo niliwaza jambo ambalo nimelibeba siku zote zilizofuata. Mwendesha baiskeli aliyechoka hasimami ovyo. Kila akisimama anapoteza mwendo aliousotea, na kuondoka tena, hasa kwenye mwinuko, kunamgharimu mapaja. Kwa hiyo anakaza, anapita vitu vizuri huku akivipa jicho moja. Mota ikikusaidia hesabu hiyo inakufa. Unasimama, unashangaa, unarudi nyuma mita mia mbili kwa sababu Shangazi amesahau miwani kwenye benchi, na hakuna anayenuna.

Jambo la pili ni la umeme wenyewe. Betri zetu ni za wati-saa 500 kila moja, yaani nusu yuniti. Mtambo uliokuwa ukinguruma chini ya miguu yetu una uwezo wa megawati zaidi ya 130. Austria ina mabwawa kumi ya umeme kwenye Danubi ukihesabu na hili la ubia, na zaidi ya nusu ya umeme wa nchi hiyo unatokana na maji. Nusu yuniti kwa siku kumbeba mtu na mizigo yake! Birika la umeme linaimaliza kwa dakika kumi na tano tu.

Tulivuka tukaingia Austria bila mtu kutuuliza kitu, tukapita Engelhartszell, na saa tisa tulikuwa Schlögen. Hapa Danubi umekutana na mwamba mgumu wa graniti ukashindwa kuupasua, ukageuka karibu nyuzi 180 na kurudi ulikotoka kabla ya kupata upenyo. Ukiwa chini huoni kitu zaidi ya kona. Ili uone inabidi kupanda kijia chenye mizizi na mawe, nusu saa na ushee, na baiskeli haipiti. Shangazi alibaki chini na chai. Mimi nilipanda nikitweta, nikaona mto mmoja umelala mara mbili mbele yangu, maji yake yakienda pande mbili tofauti, na boti nyeupe katikati iliyoonekana kama haiendi popote.

Nilimpigia picha. Alipoiangalia akauliza kama kijia kina ngazi. Nikasema hakina. "Basi picha inatosha."

Jumanne, Schlögen hadi Linz

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito mtoni na baridi ya kweli. Betri tulikuwa tumezilaza ndani ya chumba, kwa sababu za lithiamu hazipendi baridi na ukianza safari nazo zikiwa zimepoa zinatoa chaji kidogo. Kutoka Schlögen kwenda Aschach kwa ukingo wa kusini, sehemu kubwa ya njia haina magari kabisa. Kwa muda mrefu sauti pekee ilikuwa ya matairi kwenye lami yenye unyevu na mlio mdogo wa mota.

Huo mlio una lugha yake. Ukikanyaga polepole kwenye gia nzito mota inanguruma chini chini, na hapo inapata moto na kula betri bure. Ukishusha gia na kuzungusha miguu haraka kidogo, mlio unakuwa mwembamba na asilimia kwenye skrini zinashuka taratibu. Shangazi aliligundua hili mwenyewe kabla sijamwambia. Nilimsikia nyuma yangu akibadilisha gia kila njia ilipoinuka.

Baada ya Aschach bonde linafunguka, milima inarudi nyuma, na kwa saa nzima hakuna la kusimulia ila mashamba. Wilhering tulichungulia kanisa la monasteri, ambalo ndani halina hata kiganja kimoja cha ukuta kilichoachwa bila pambo, kisha tukateremka kivukoni.

Kivuko cha Ottensheim hakina injini ya kukivusha. Waya mnene umetandazwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kimefungwa kwenye waya huo kwa kamba za chuma. Mwendeshaji anakigeuza kidogo tu kikae mshazari, mkondo unakigonga ubavuni, nacho kinateleza kuelekea upande wa pili. Kurudi anakigeuza mshazari wa upande mwingine. Tulikuwa sisi, magari machache na mbwa mmoja, na hakukuwa na kelele zaidi ya maji kupiga mbao.

"Betri yake iko wapi hii?" Shangazi aliuliza.

"Ni mto wenyewe."

Alinyamaza hadi tukafika ng'ambo.

Kipande cha mwisho kuingia Linz hakipendezi. Barabara kubwa imebanwa kati ya mlima na mto, na njia ya baiskeli imebanwa pamoja nayo, magari yanapiga kelele pembeni mwako hadi mjini. Kazeni tu. Linz yenyewe niliipa usiku mmoja na chakula kizuri, na kwa haki inastahili zaidi.

Jumatano, Linz hadi Grein

Siku hii tuliigawa kwa kituo kimoja, Mauthausen. Njia inafuata tuta la mto likiwa limenyooka kabisa, inapita karibu na St. Georgen an der Gusen, halafu kijiji kinatokea na nyumba zake nzuri zilizopakwa rangi mbele ya maji. Kambi ya mateso ya Wanazi ilikuwa juu, kwenye mlima nyuma ya kijiji, kwa sababu huko kulikuwa na machimbo ya graniti. Tulipanda barabara ile kali kwa kiwango cha pili cha msaada, na njiani hatukuzungumza. Wafungwa walitembezwa hapo kwa miguu kutoka stesheni ya treni, wakipita katikati ya kijiji.

Kati ya 1938 na 1945 watu 190,000 hivi walipelekwa Mauthausen na kambi zake ndogo, na angalau 90,000 walikufa. Machimboni kuna ngazi 186 ambazo wafungwa walizipanda wakiwa wamebeba mawe mgongoni. Jeshi la Marekani lilifika tarehe 5 Mei 1945. Shangazi alisoma majina ukutani kwa muda mrefu kuliko mimi. Amefundisha historia maisha yake yote, na aliniambia kitu kimoja tu tuliposhuka: kwamba hakuwahi kujua mto unaonekana kutoka pale juu.

Mchana baiskeli yake ikagoma. Pedeli zilizunguka, skrini ikaonyesha alama ya hitilafu, mota kimya. Baiskeli ya kilo 25 bila mota utaijua. Nililala chini pembeni ya njia nikakagua gurudumu la nyuma. Kwenye spoku moja kuna sumaku ndogo, na kwenye fremu kuna kihisio. Kila gurudumu likizunguka sumaku inapita mbele ya kihisio, na hivyo ndivyo mota inavyojua mwendo na wakati wa kuacha kusaidia. Ile sumaku ilikuwa imeteleza chini kama vidole viwili. Mota isipojua mwendo inakataa kazi. Niliirudisha mahali pake, nikakaza skrubu yake kwa sarafu ya senti kumi, Shangazi akazima na kuwasha, na alama ikatoweka. Ukikodi baiskeli ya namna hii jifunze kukiangalia kitu hicho kabla ya kuwaza kwamba mota imekufa.

Grein tulifika na njaa. Mji huu mdogo una jumba la maonyesho la mwaka 1791 ambalo baadhi ya viti vyake vinafungwa kwa kufuli. Mwenye kiti alikuja na ufunguo wake, na asipokuja kiti kilibaki kimekunjwa. Mpango wa busara. Nimekaa kwenye kumbi nyingi nikiwatafuta watu waliochukua siti yangu.

Alhamisi, Grein hadi Melk

Kivuko kidogo kilituvusha hadi ukingo wa kusini, ulio kimya kuliko wa kaskazini wenye barabara kuu. Bonde hapa ni jembamba na lenye kivuli. Zamani mabaharia waliliogopa kwa sababu ya miamba na vizingia vya maji vilivyomeza majahazi. Miamba ilipasuliwa kwa baruti kwa vizazi kadhaa, na bwawa la Ybbs-Persenbeug lilipokamilika mwaka 1959 maji yakapanda yakatulia. Sasa watoto wanakaa kwenye mitumbwi wakicheka.

Kuanzia Persenbeug unaiona Maria Taferl muda mrefu kabla ya kuifikia: kanisa la mahujaji lenye minara miwili, limekaa kwenye ukingo wa mlima zaidi ya mita 200 juu ya mto. Kila mtu anayepita na baiskeli ya kawaida analiangalia, anasema ni zuri sana, anaendelea. Nami ningeendelea.

"Tunapanda," Shangazi akasema.

Kutoka Marbach barabara inapinda na kupinda. Tuliweka kiwango cha tatu, gia nyepesi kabisa, na tukapanda tukiwa tumekaa, tukiongea. Tulimpita kijana mmoja aliyekuwa amesimama juu ya pedeli, mishipa ya shingo imemtoka. Alitutazama, akaitazama betri, akatabasamu kwa uchungu. Wapo wanaosema huku ni kudanganya. Sijui anayedanganywa ni nani. Mlima haukulalamika, na mapigo ya moyo wangu yalinijulisha vizuri kwamba nafanya kazi. Mota inazidisha unachotoa, na usipotoa kitu haina cha kuzidisha.

Betri yangu ilianza kupanda ikiwa na asilimia 71, ikafika juu na 58. Asilimia kumi na tatu kwa mlima ule ni bei ya kutupwa. Kule juu unaona Danubi umejikunja chini, na kusini, hali ya hewa ikiruhusu, safu ya Alps. Ndani ya kanisa Shangazi alikaa nusu saa, nje nikakaa mimi.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Wengi wanadhani betri inajichaji kwenye mteremko. Kwa baiskeli zenye mota ya katikati haijichaji: ukiacha kukanyaga mnyororo unasimama na gurudumu linazunguka peke yake, kwa hiyo hakuna kinachoizungusha mota. Uzito wote ule unaushika kwa breki tu. Tulishuka kwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, zisipate moto, na kila kona tulisimama kidogo.

Melk tuliingia jua likianza kugeuka. Monasteri ya Wabenedikto, njano na nyeupe, imekalia mwamba wote juu ya mji. Watawa wapo hapo tangu 1089, na jengo la sasa ni la msanifu Jakob Prandtauer, lililoanzwa 1702. Kwa ukubwa wake nilifikiri ni ikulu.

Ijumaa, Melk hadi Krems

Hii ndiyo Wachau, na ungekuwa na siku moja tu ningekwambia njoo hapa. Ni kilomita chache, chini ya arobaini, na sisi tulizimaliza siku nzima. UNESCO waliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Mizabibu inapanda milima kwa matuta, na kila tuta linashikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Nilisimama karibu na ukuta mmoja nikauchunguza. Mawe makubwa yako chini, madogo yamepachikwa kwenye nafasi, na wote umelalia mlima kidogo ili uzito uende ndani. Maji ya mvua yanapita katikati ya mawe bila kuusukuma. Mjusi alikuwa amejianika juu yake. Jioni ukuta ule unaendelea kutoa joto la mchana, na ndilo zabibu zinalolitaka.

Ilikuwa Septemba mwanzoni. Aprikoti, tunda linalosifiwa huku kuliko mengine, huvunwa Julai, kwa hiyo tuliambulia jamu yake, nayo hatukuilalamikia. Zabibu zilikuwa bado juu, na magari madogo ya wakulima yalikuwa yakipanda na kushuka.

Willendorf ni kijiji unachoweza kukipita bila kujua. Tarehe 7 Agosti 1908, wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi pembeni ya reli mpya walitoa ardhini sanamu ya mwanamke, urefu wake sentimita 11, umri wake karibu miaka 30,000. Yenyewe iko kwenye jumba la makumbusho la viumbe na mali asili huko Vienna, na hapa wameweka nakala kubwa kilimani. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Vienna uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba jiwe lake linafanana mno na la kaskazini mwa Italia, karibu na Ziwa Garda. Yaani ama jiwe ama sanamu ilisafiri hadi hapa, ng'ambo ya Alps.

"Kwa miguu," Shangazi akasema.

"Kwa miguu."

"Na goti zima, bila shaka."

Spitz, halafu Weißenkirchen, halafu mizabibu tena. Njia hapa inapita katikati ya vijiji, kwenye vichochoro vya mawe ambavyo baiskeli mbili zikikutana mmoja lazima ashuke. Mwenye mota ashuke kwanza, nadhani hiyo ni adabu. Kuna kitufe cha kuisindikiza baiskeli unapoisukuma, ukikibonyeza inatembea yenyewe kwa mwendo wa mguu usiozidi kilomita sita kwa saa, na Shangazi alikipenda kuliko vyote. Alitembea nayo Dürnstein yote akiwa amenyooka.

Juu ya Dürnstein kuna magofu ya ngome. Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza, yule wa Moyo wa Simba, alikamatwa karibu na Vienna mwezi Desemba 1192 akirudi kutoka Vita vya Msalaba, na Leopold wa Austria akamfungia hapa. Fidia iliyolipwa ilikuwa kubwa hivi kwamba sehemu ya Leopold ilijenga kuta za miji. Nilipanda peke yangu, dakika ishirini za jua kali. Ngome yenyewe sasa ni meno ya ukuta tu. Ila ukikaa kwenye dirisha moja bovu upande wa mto, unaona Wachau yote hadi Krems.

Krems tuliingia saa kumi na moja jioni, betri zote mbili zikiwa juu ya nusu, kwa sababu siku nzima tulikuwa tumesimama zaidi ya tulivyokwenda.

Jumamosi, Krems hadi Tulln

Kwa kawaida upepo wa bonde hili unatoka magharibi, na ndiyo sababu wengi wanaanzia Passau. Leo uligeuka. Ulitoka mashariki, usoni, kwenye uwanda usio na mti wala kilima, na ulivuma kutwa.

Nilitegemea siku tambarare iwe rahisi kwa betri. Ilikuwa kinyume. Mlimani unapanda dakika kumi na tano, unafika juu, mota inapumzika wakati wa kushuka. Upepo hauna juu. Siku ya utulivu ukienda kilomita 20 kwa saa kwenye lami tambarare mota inafanya kazi ndogo. Upepo wa mbele ukikaza unakwenda 16 na mota haiachi hata sekunde. Saa saba mchana nilikuwa na asilimia 34, wakati kule Maria Taferl, pamoja na mlima wote, nilimaliza siku na zaidi. Tulishusha msaada, tukapokezana kukaa mbele, na Shangazi akakataa kabisa kukaa nyuma yangu zaidi ya zamu yake. "Nimekuja kutalii, sijaja kutazama mgongo wako."

Tulipita bwawa la Altenwörth, lenye uwezo mkubwa kuliko mengine yote ya Danubi nchini Austria, na kisha kikatokea kitu kilichonisimamisha muda mrefu kuliko monasteri zote. Zwentendorf. Mtambo kamili wa umeme wa nyuklia, bomba lake refu na jengo la zege lisilo na madirisha, pembeni kabisa mwa njia. Ulijengwa ukakamilika. Tarehe 5 Novemba 1978 wananchi wa Austria wakaulizwa kwa kura ya maoni kama uwashwe, na asilimia 50.47 wakasema hapana. Haukuwashwa hata siku moja. Mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku umeme wa nyuklia nchini. Baadaye jengo likatumika kuwafundishia mafundi wa mitambo ya nje, na sasa eneo lake limewekwa paneli za jua.

Shangazi alisimama na baiskeli katikati ya miguu, akilitazama.

"Tofauti ilikuwa kura ngapi?"

"Kama elfu thelathini."

"Nchi nzima?"

"Nchi nzima."

"Na walikubali matokeo?"

"Ndiyo hilo unaloliona."

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema angelitumia kwa mtihani wa kidato cha nne, sehemu ya insha.

Tulln, mji alikozaliwa mchoraji Egon Schiele mwaka 1890, tulifika na asilimia 9 kwangu na 15 kwake. Tulikula tukalala.

Jumapili, Tulln hadi Vienna

Upepo ulilala. Njia ilitupitisha bwawa la Greifenstein, chini ya nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo ndefu ili mto ukifurika upite chini, halafu Klosterneuburg na monasteri yake yenye taji juu ya kuba. Ukiukaribia mji watu wanaongezeka: wakimbiaji, mabibi na mbwa, baba mwenye watoto wawili ndani ya kigari cha mbele ya baiskeli, naye pia ana mota. Tulipunguza mwendo. Njia inayotumiwa na wengi si pa kuonyesha betri.

Nussdorf ndipo mfereji wa Danubi unapojitenga kuingia mjini, na kwenye lango lake kuna daraja la Otto Wagner la miaka ya 1890 lenye simba wawili wa shaba wanaotazama mto. Shangazi aliomba picha kati yao. Nilimpiga tano, akachagua ile ambayo simba wametoka vizuri.

Baiskeli zilitakiwa kurudishwa saa kumi jioni. Ilikuwa saa sita na nusu, betri yake ilionyesha asilimia 62, na tulikuwa tumebakiza kilomita chache tu. Nikamweleza kwamba ng'ambo kuna Donauinsel, kisiwa cha kutengenezwa chenye urefu wa kilomita 21, kilichorundikwa kwa udongo uliochimbwa kuanzia 1972 walipokuwa wakifungua mkondo wa pili wa kuukinga mji na mafuriko, na kwamba magari ya kawaida hayaingii.

"Kilomita 21 kwenda tu?"

"Kwenda tu. Lakini si lazima tukimalize, Shangazi."

Alikuwa ameshapandisha mguu.